Arudi Mara ya Pili: Mwongozo kwa WAVIU Washauri Wanaowapokea Waliopata Majibu Karibuni

Mwongozo huu ni wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU ambao vituo vya afya nchini Tanzania vimewapa kazi ya kuwapokea wenzao waliopata majibu karibuni. Wauguzi na wasimamizi wa kliniki za tiba na matunzo, ambazo sote tunaziita CTC, nao wausome. Mshauri hafanyi kazi vizuri mahali ambapo muuguzi hajui kazi ya mshauri inaanzia wapi na inaishia wapi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 wanajua hali yao. Kati ya hao, asilimia 97.9 wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Ni matokeo ya kujivunia. Lakini hayamwonyeshi yule aliyepewa majibu Jumatatu asubuhi, akapokea chupa yake ya vidonge, akaaga kwa adabu na asionekane tena mpaka alipoletwa akiwa hoi. Huyo ndiye tunayemzungumzia.

Tangu 2016 tunafuata utaratibu wa kupima na kutibu. Anayekutwa na VVU hasubiri tena CD4, yaani seli za kinga, zishuke. Huanzishiwa dawa siku hiyohiyo akiwa tayari, au ndani ya siku chache. Kwa mwili ni faida kubwa. Kwa moyo, muda umebanwa. Zamani mteja alihudhuria mafunzo mara kadhaa kabla ya kupewa kidonge cha kwanza, na katika kwenda na kurudi huko alipata nafasi ya kulia, kukasirika na kuzoea. Siku hizi anaweza kutoka nyumbani saa mbili asubuhi akijiona mzima, na saa sita mchana akarudi na dawa za maisha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni moja: mteja arudi mara ya pili. Ukimfundisha yote na asirudi, hujamsaidia. Ukimfundisha kidogo akarudi, mengine mtayamaliza.

Kabla ya mazungumzo

Usijipeleke kwa mteja. Muuguzi aliyempa majibu ndiye amuulize kwa maneno ya kawaida: "Kuna mwenzetu hapa anayeishi na VVU na anatumia dawa. Ungependa kuongea naye?" Akikataa, iwe imekwisha. Aambiwe tu kwamba nafasi hiyo ipo siku yoyote, na asiulizwe sababu. Wengi wanaokataa siku ya kwanza hukubali wanaporudi kuchukua dawa, lakini aliyelazimishwa hubadili kituo.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko maneno mengi tunayojifunza semina. Benchi la ukumbini halifai, hata kama mnanong'ona. Chumba ambacho mhudumu anaingia kila dakika kuchukua mafaili hakifai. Kama kituo hakina chumba, ombeni nusu saa ya chumba cha mfamasia au cha lishe baada ya foleni kupungua. Na kama mlango una kibao kinachotangaza huduma inayotolewa humo, msimamizi aelezwe kwamba kibao hicho kinafukuza watu.

Umri na jinsia vizingatiwe. Mzee wa miaka 60 hatamweleza binti wa miaka 22 mambo ya chumbani, na mama mjamzito huenda asifunguke kwa kijana wa kiume. Inapowezekana mteja achague. Isipowezekana, heshima ifanye kazi yake: anza na shikamoo kwa anayestahili shikamoo, mwite mama, baba, kaka au dada kama ungemwita mtaani kwenu, na usimwite "mteja" mbele yake. Hilo ni neno la rejesta.

Dakika ishirini za kwanza

Aliyepata majibu saa hiyo hasikii vizuri. Macho yanakutazama lakini akili iko nyumbani, kwa mume, kwa watoto, kwa deni la kikoba. Usimpe somo la CD4. Aondoke na mambo matatu tu: kwamba hali hii ina dawa na watu wanaishi nayo hadi uzeeni, kwamba kidonge ni kimoja kwa siku, na kwamba siku fulani, saa fulani, mtu fulani anayemjua kwa jina atakuwa anamsubiri. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linalomrudisha. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi hairudishi mtu kama anavyorudishwa na jina la mtu.

Mwache anyamaze. Washauri wapya huogopa ukimya na kuujaza kwa methali na maneno ya faraja. Akilia, usimwambie asilie. Usimwambie pia kwamba VVU siku hizi ni kama kisukari tu. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini siku ya kwanza inamwambia kwamba huoni uzito wa alichobeba. Ataifikia mwenyewe baadaye, na ikitoka kinywani mwake itakuwa na nguvu.

Usimuulize aliupataje. Swali hilo halibadilishi dawa wala kipimo, nalo linamweka kizimbani. Akitaka kusema, atasema. Maneno ya mtaani kama "ngoma", "miwaya" na "umeme" yaachwe mlangoni, hata kama ninyi wenyewe mnataniana nayo kwenye vikao vya kikundi. Kwa aliyezoea, huo ni utani. Kwa mgeni ndiyo maneno yaleyale aliyoyatumia kuwacheka wengine.

Ushuhuda wako ndiyo sababu umepewa kazi hii, kwa hiyo utumie, lakini kwa kipimo. Sentensi tatu zinatosha: nami nilikaa kwenye kiti hicho mwaka fulani, niliogopa, leo ninafanya kazi hii na kulea wanangu. Ushuhuda mrefu unageuza mazungumzo yakawa yako. Nimewaona washauri wazuri, wenye mioyo ya dhahabu, wakimaliza nusu saa wakisimulia kifo cha mume, ukatili wa mawifi na nyumba iliyouzwa, na mteja akatoka ameongezewa mzigo wa pili.

Swali moja huulizwa kwa njia nyingi, hasa na wanawake waliopimwa kliniki ya wajawazito: nani ameleta? Jibu lake ulijue kwa moyo. Kipimo kinaonyesha kwamba maambukizi yapo. Hakionyeshi yalitoka kwa nani wala yaliingia lini. Aliyepimwa kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza. Wajawazito hupimwa kwa sababu wanakwenda kliniki, na wanaume wengi hawajawahi kupima kabisa, basi mwanamke anabeba lawama ya kutangulia kujua. Mwambie hivyo waziwazi, tena mwambie mara mbili, kwa sababu akifika nyumbani hilo ndilo atakaloulizwa.

Uliza pia usalama wake kabla hajaondoka. Je, kuna mtu nyumbani anayeweza kumdhuru? Je, ana wazo la kujidhuru? Uliza kwa maneno yaliyonyooka, kwa sauti ya kawaida. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafuu kwamba limetajwa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, na usiahidi kutunza siri hiyo. Mkabidhi kwa muuguzi au daktari papo hapo.

Siri

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inamtaka kila anayehusika na upimaji na huduma kutunza siri ya majibu. Nawe umo, hata kama hulipwi mshahara. Ila siri nyingi za wateja hazivuji kwa umbea. Zinavuja kwa mambo madogo ambayo hakuna aliyeyafikiria.

La kwanza ni wewe mwenyewe. Mtaani wanakujua. Ulisimama Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba 1, ukashika kipaza sauti. Ujasiri wako ni mtaji wa kituo, lakini ukionekana unabisha hodi kwa mama fulani mara mbili kwa wiki, majirani hawahitaji kuambiwa kitu. Kwa hiyo usimtembelee mtu nyumbani bila yeye kukubali siku, saa na namna. Fulana ya mradi yenye utepe mwekundu ibaki nyumbani kwako. Pikipiki yenye nembo ya shirika iachwe mbali. Mkubaliane utakuwa nani ukikutwa na mgeni: mtu wa kikoba, fundi cherehani, mwenzake wa kwaya. Liwe jambo ambalo kweli unaweza kulizungumza, maana wifi mwenye udadisi atakuuliza bei ya vitambaa.

La pili ni njiani. Kabla hamjaachana siku ya kwanza, uliza: "Tukikutana sokoni nikusalimie au nipite?" Wapo watakaosema pita. Upite, na usinune. Wengine hukasirika wakipitwa, wakaona wamedharauliwa. Ndiyo maana swali huulizwa mapema.

La tatu ni simu. Andika namba anayotaka, na uliza kama simu hiyo ni yake peke yake au inashikwa na mume na watoto. Ujumbe usitaje dawa, kliniki wala kipimo. "Kesho tuonane saa tatu" inatosha. Akipokea mtu mwingine, sema umekosea namba au utapiga baadaye, na usiache jina la kituo. Makundi ya WhatsApp ya wateja yanapendwa kwa sababu ni rahisi, lakini kila aliyemo anaziona namba za wote, na si kila anayeingia ni mwaminifu. Mteja mpya asiingizwe humo mpaka aelezwe hilo na akubali mwenyewe.

La nne ni ndani ya kituo. Usiite jina ukumbini. Usibebe faili kwa namna ambayo rangi yake inasema kila kitu. Na unapomweleza mwenzako kisa cha mteja ili akupe ushauri, ondoa jina, kijiji na kazi. Mji wenye daktari wa meno mmoja, ukisema "daktari wa meno" umeshamtaja.

Dawa: unachoweza kusema, na usichoweza

Hupangi dawa, huzibadilishi na huzisimamishi. Unachoweza kueleza ni maisha pamoja nazo, na hapo unamshinda daktari.

Watu wazima wengi wanaoanza sasa hupewa kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Hunywewa mara moja kwa siku, pamoja na chakula au bila chakula, saa ambayo haimsumbui mteja. Anayefunga Ramadhani anaweza kumeza wakati wa daku au baada ya futari, ilimradi saa ibaki ileile. Akisahau, ameze akikumbuka, lakini asimeze viwili kwa pamoja. Wengine siku za mwanzo hupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kupaa, na mara nyingi hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache. Kama usingizi ndio tatizo, aulize kituoni kuhusu kuhamishia kidonge asubuhi. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia huweza kuzuia dolutegravir kufyonzwa vizuri, na dawa za kifua kikuu hubadilisha dozi yake. Kwa hiyo dawa zote anazotumia azitaje kwa mfamasia, hata za duka la mtaani na mitishamba.

Lipo jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Mtu aliyechelewa kuanza, ambaye kinga imeshuka sana, anaweza kuzidiwa katika wiki au miezi ya mwanzo ya dawa. Kinga inapoamka hupambana na magonjwa yaliyokuwa yamejificha, kifua kikuu kikiwa cha mbele. Nyumbani watasema dawa zinamuua, na chupa itatupwa chooni. Mwambie mapema: ukijisikia vibaya baada ya kuanza, usiache, njoo. Kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda, kichwa kinachouma kupita kiasi, upele wenye malengelenge au macho ya njano ni sababu ya kuja siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kadi.

Kuhusu maombi na tiba za miujiza, usibishane na imani ya mtu. Wengi wetu tunaikumbuka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na kikombe chake cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Wapo waliorudi kutoka huko wakaacha ARV. Kumwambia mtu kwamba alikuwa mjinga hakukumrejesha yeyote kliniki. Sema tu kwamba kuomba na kumeza havigombani, na mwalike apime wingi wa virusi kabla ya kuacha chochote. Kipimo kinajibu vizuri kuliko wewe.

Kipimo hicho cha wingi wa virusi hufanyika kwa mara ya kwanza kama miezi 6 baada ya kuanza dawa. Mteja anayekunywa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo 2016 na 2019, ulifuatilia wenza wenye majibu tofauti wasiotumia kondomu na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza mwenye virusi vilivyofubazwa. Mwambie mapema, hata ziara ya pili. Hakuna habari inayorudisha heshima ya mtu mbele ya kioo chake kama hii. Ila usiipeleke isikofika: kondomu bado inazuia magonjwa mengine na mimba, na kwa mama anayenyonyesha kuna utaratibu wake, yeye na mtoto, ambao lazima aufuate na kliniki.

Kumwambia mwenza

Sheria ileile ya 2008 inamtaka aliyekutwa na VVU kumjulisha mwenzi au mpenzi wake. Usiitumie kumtisha. Unajua kwamba kwa baadhi ya wanawake, kusema usiku mmoja bila maandalizi ni kupigwa au kulala nje. Kazi yako ni kumsaidia apange. Atasema wapi, saa ngapi, nani awe karibu, watoto wawe wapi, na neno la kwanza liwe lipi. Fanyeni mazoezi: wewe uwe mume mwenye hasira, yeye aseme. Mara nyingi atagundua mwenyewe kwamba anapendelea waje kupima pamoja, majibu yatolewe na muuguzi, na hilo ni chaguo zuri kabisa. Mwenza atakayekutwa hana maambukizi ataelezwa kuhusu dawa kinga. Palipo na vitisho au kipigo, peleka suala kwa ofisa ustawi wa jamii, kituo cha mkono kwa mkono au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa ridhaa yake. Kamwe usimwambie mwenza wewe mwenyewe.

Kwa mwajiri, mteja hana wajibu huo wa kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya VVU.

Asiporudi

Siku imepita na hajaonekana. Kwenye rejesta tunaandika "mtoro", na neno hilo lina tabia ya kutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye sauti. Ukipiga simu ukiwa na "mtoro" kichwani, atalisikia. Anza na hali yake, kisha uliza kilichotokea, kisha nyamaza.

Sababu nyingi ni za maisha. Nauli haikupatikana. Mvuvi yuko kambini visiwani, mchimbaji amefuata mwamba mpya Geita, dereva yuko njiani kwenda mpakani. Hawa wasilaumiwe, wasaidiwe: kliniki inaweza kumpa dawa za muda mrefu zaidi akishatulia, au barua ya kuhamia kituo kingine. Wengine wamekimbia kwa sababu walimwona jirani ukumbini, na hao pia wahamishwe bila maneno. Wapo waliorudi baada ya kuacha kwa miezi, nao huja wakiwa wamejiandaa kutukanwa. Muuguzi mmoja anayefoka dirishani anaweza kubomoa kazi yako ya mwaka mzima, kwa hiyo umpokee wewe kwanza, umpeleke ndani, na ukae pale mpaka amalize.

Mipaka na mshauri mwenyewe

Usimkopeshe mteja wala usikope kwake. Usimpe vidonge vyako hata akiishiwa, mlete kituoni. Usimuuzie virutubisho. Usianzishe uhusiano wa kimapenzi na mtu uliyekabidhiwa, hata kama wote ni watu wazima na mmependana, kwa sababu alikujia akiwa hana ngozi. Usimgeuze muumini wa dini yako.

Kisha kuna uchovu. Kila mgeni anaamsha siku yako ya kwanza, na mshauri anayesikiliza wageni watano asubuhi moja ana haki ya kutoka nje na kukaa peke yake. Msimamizi apange kikao cha washauri kila mwezi, chenye chai, kisichohusu takwimu. Naye mshauri anayekosa tarehe zake za dawa kwa sababu anahangaikia za wengine arudishwe kwanza kwenye kiti cha mteja.

Kuhusu malipo, niseme wazi. Kituo kinachotegemea kazi hii kila siku na kuiita ya kujitolea kinajidanganya. Msaada wa wenzetu ulianza kabla ya miradi: shirika la TASO lilianzishwa Uganda 1987 na la WAMATA hapa kwetu 1989, wakati dawa hazikuwepo na kilichobaki ilikuwa kushikana mikono. Lakini kliniki za sasa zilizoea kulipia kazi hiyo kwa fedha za nje, na Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, katika nchi nyingi za Afrika washauri walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Halmashauri zinazopanga bajeti ziandike posho ya nauli na vocha ya simu kwa washauri kama zinavyoandika glavu. Mshauri anayelipa simu za wateja mfukoni mwake ataacha kupiga.

Kumwachia

Mteja akishapata majibu ya kwanza ya wingi wa virusi na yakawa mazuri, punguza simu. Mwambie unapunguza na kwa nini, asije akadhani umemchoka. Baadhi watataka kujiunga na kikundi au na Konga, yaani mtandao wa WAVIU wa wilaya, na wachache watakuwa washauri wazuri kuliko wewe. Wengi watataka kuchukua dawa, kusalimia na kwenda zao, na hao hawana deni na mtu. Asiyefubaza virusi baada ya miezi 6 ya kwanza hasemwi. Anarudishwa kwa muuguzi kwa vikao vya ufuasi, nawe unarudi kumpigia kama mwanzo. Kwa waliotulia, andika kwenye rejesta tarehe mliyofunga ufuatiliaji na jina la mhudumu atakayewapokea baadaye, kisha futa namba zao kwenye simu yako binafsi.